Shajara ya mradi: GSM, CDMA na VoLTE, ipi inabeba sauti vizuri?

Jumamosi. Swali na vifaa

Kati ya teknolojia za simu za mkononi zilizoshindana tangu miaka ya 1990, ipi inaifikisha sauti ya mtu ikiwa bado ni sauti yake? Hilo ndilo swali la mradi huu. Mabishano ya GSM na CDMA, mifumo miwili ya kubeba simu kwa redio, yalikuwa makali, na kila upande ulikuwa na watu wa kuapa kwamba wao ndio husikika vizuri. Kisha mshindani mmoja akatoka uwanjani: Verizon ya Marekani, mmoja wa watumiaji wakubwa wa CDMA, ilizima mtandao wake huo mwisho wa 2022. Siku hizi wanaoshindana ni 2G na 3G zilizosalia, VoLTE, yaani sauti inayosafiri kama data juu ya 4G, na simu ya Wi-Fi. Kwa maoni yangu mabishano ya zamani hayakupata jibu, yalizimwa tu pamoja na mitambo. Kwa hiyo nazipima zote, zilizo hai na zilizozimwa.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni ya mezani: faili za sauti zinapitishwa kwenye kodeki, yaani programu inayoibana sauti ikawa biti chache na kuirudisha upande wa pili, kisha naharibu sehemu ya biti hizo kwa makusudi na kusikiliza kinachobaki. Kwa GSM ya mwanzo ninayo libgsm, iliyoandikwa na Jutta Degener na Carsten Bormann wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Kwa CDMA upo msimbo wa marejeo wa kodeki ya EVRC uliochapishwa na 3GPP2, chombo cha viwango vya CDMA. AMR na EVS, kodeki za baadaye, nazo zina msimbo wake wa wazi kutoka 3GPP, chombo cha viwango vya 3G na 4G. Njia ya pili ni ya hewani: simu mbili, moja inapiga na nyingine inapokea, nikizilazimisha kwenye mipangilio zitumie 2G peke yake, 3G peke yake, au 4G. CDMA itabaki mezani.

Sauti itaingia kwenye simu kwa waya, wala si kwa kuweka spika mbele ya maikrofoni. Maikrofoni na programu ya kuondoa kelele ndani ya simu vina tabia zake, na ningejikuta nauhesabia mtandao makosa ya simu.

Jumapili. Maneno ya kupimia

Wapimaji wengi hutumia sentensi za Harvard zilizomo kwenye mapendekezo ya IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, ya 1969. Ni sentensi za Kiingereza, zilizosawazishwa kwa sauti za Kiingereza. Mimi nataka kujua Kiswahili kinafika vipi, basi leo nimeandika orodha yangu.

Simu ya kawaida tangu zamani inapitisha masafa ya hezi 300 hadi 3400. Vokali zetu zinaishi humo kwa raha. Konsonanti za mkwaruzo, s, f, sh na th, nguvu yake kubwa iko juu ya hapo, s hasa hupanda kupita hezi 4000. Kwa hiyo jozi za kupimia zimejitokeza zenyewe: sikia na fikia, sumbua na fumbua, suka na fuka, samani na thamani, zana na dhana. Nimezitia kwenye sentensi ambazo haziwezi kumsaidia msikilizaji kukisia, maana sikio likishajua neno linalokuja halisikilizi tena.

Kundi la pili la sentensi ndilo linalonishughulisha zaidi. Kiswahili kinaweka ukanushi mwanzoni kabisa mwa kitenzi. "Hatutafika" na "tutafika" zinatofautiana kwa silabi moja dhaifu, h na pumzi ya a, na baada ya hapo kila kitu ni kilekile. Mitandao ya simu ina kawaida ya kuacha kutuma sauti mtu anaponyamaza ili kuokoa betri na kupunguza mwingiliano, na kifaa kinachosikilizia kama mtu ameanza kusema kinaweza kuchelewa kuamka. Kikichelewa, kinachomezwa ni mwanzo wa usemi. Hapo ndipo ha- ilipo.

Wasomaji wa sentensi ni mwanamke, mwanamume na mtoto.

Jumatatu usiku. Namna ya kutoa alama

Alama ya kawaida ni MOS: wasikilizaji wanatoa 1 hadi 5, kisha unatafuta wastani, kwa utaratibu wa P.800 wa 1996 kutoka ITU-T, chombo cha kimataifa cha viwango vya mawasiliano. Kompyuta nazo zinaweza kukisia alama hiyo kwa kulinganisha sauti iliyoingia na iliyotoka. PESQ ilitoka 2001 kama P.862, na POLQA ikairithi 2011 kama P.863. Hizo zina masharti ya leseni, kwa hiyo mimi natumia ViSQOL, ambayo msimbo wake uko wazi, pamoja na masikio ya watu niliowaomba, wasioambiwa wanasikiliza mtandao upi.

Vipimo hivi vinalinganisha faili mbili tu. Havijui kwamba simu ni mazungumzo. Sauti inaweza kufika safi kabisa lakini ikachelewa, watu wakaanza kukanyagana maneno, na PESQ ikatoa alama ya juu bila kusita. Pendekezo la ITU-T G.114 linasema ucheleweshaji wa njia moja ukiwa chini ya milisekunde 150 mazungumzo mengi hayaumii, na mipango ya mtandao isivuke 400. Kwa hiyo nimeongeza zoezi la kuhesabu kwa zamu: mimi moja, mwenzangu mbili, mimi tatu, haraka kadiri tunavyoweza. Ucheleweshaji ukizidi, hesabu inalegea mara moja, na hakuna anayeweza kuuficha.

Jumatano. GSM mezani

Harri Holkeri, aliyekuwa waziri mkuu wa Finland, alipopiga simu ya kwanza ya GSM kwenye mtandao wa kibiashara tarehe 1 Julai 1991, kodeki ya zama hizo ilikuwa hii niliyoiwasha leo: Full Rate, kilobiti 13 kwa sekunde. Inasikika kama ilivyokusudiwa. Kila neno linaeleweka, lakini sauti ina ukwaruzo wa karatasi chini yake na watu wawili wa familia moja wanaanza kufanana.

Halafu nikapitisha faili zilezile kwenye Enhanced Full Rate (EFR), kilobiti 12.2. Biti ni chache zaidi na sauti ni bora mno. Hili nataka liandikwe vizuri kwa sababu linaathiri mradi mzima: mnara haukubadilika, mawimbi ni yaleyale, njia ya redio ni ileile, na bado simu imepanda daraja kwa kubadilisha hesabu inayoibana sauti. Kinyume chake ni Half Rate, kilobiti 5.6, iliyobuniwa ili nafasi ya mpigaji mmoja itoshe wawili. Kwenye chumba kimya inapita. Ukiweka kelele ya upepo au watu nyuma ya msemaji, inayumba vibaya sana. Mtandao una uwezo wa kukuhamishia huko wakati wa msongamano bila kukuambia, na alama ya mawimbi kwenye kioo cha simu itabaki imejaa.

Jioni nimeanza kuharibu biti. GSM hukata sauti vipande vya milisekunde 20, na kila kipande cha Full Rate kina biti 260. Biti 50 muhimu zaidi zinalindwa kwa msimbo na kukaguliwa, 132 zinalindwa bila kukaguliwa, na 78 za mwisho zinaachwa wazi. Uamuzi huu unasikika kabisa. Uharibifu ukiwa mdogo, biti za wazi ndizo zinaumia na sauti inachafuka kidogo tu. Ukizidi, ukaguzi unashindwa, kipande kinatupwa, na simu inarudia kipande kilichotangulia huku ikikififisha. Hapo vokali inanyooka kama bati, kisha kimya.

Wenye kukumbuka simu za 2G pembezoni mwa mnara wanaijua sauti hiyo.

Alhamisi. CDMA mezani

Hapa wazo la redio ni tofauti kabisa. GSM inagawa mkondo wa kilohezi 200 kwa zamu nane, kila simu na zamu yake. CDMA ya kiwango cha IS-95, iliyokuja 1993 kutoka kwa kampuni ya Qualcomm, inawaacha wote waseme kwa wakati mmoja juu ya mkondo uleule wa megahezi 1.25, kila mmoja akiwa na msimbo wake, na kipokezi kinamchuja anayemtaka. Ili aliye karibu na mnara asimzamishe aliye mbali, mnara unaiamuru kila simu ipandishe au ishushe nguvu mara 800 kwa sekunde. Na kwa kuwa minara jirani inatumia mkondo mmoja, simu inayosafiri inaweza kushikwa na minara miwili kwa pamoja kabla ya kuachwa na wa kwanza.

Kodeki zake hubadilisha kasi kila kipande. Ukinyamaza inashuka hadi sehemu ya nane, ukisema inapanda. Ukimya wa mmoja unakuwa nafasi ya mwingine, kwa sababu mkondo ni wa wote. Ya mwanzo, QCELP ya kilobiti 8, haikuwapendeza wasikilizaji, ikaja ya kilobiti 13, kisha EVRC, ambayo ikiwa kwenye kasi yake kamili inatumia kilobiti 8.55.

Matokeo ya masikio: faili safi, bila uharibifu, EFR ya GSM inaishinda EVRC. Msomaji wa kike ndiye aliyeonyesha pengo zaidi. Wasikilizaji hawakusita. Lakini EVRC ina kiondoa kelele ndani yake, na faili zenye kelele ya nyuma zikabadilisha mambo: baadhi ya wasikilizaji waliipenda kwa utulivu wake, wengine walilalamika kwamba kelele iliyobaki inatokota chini ya maneno. Mimi niko na hao wa pili. Kelele ya kawaida sikio linaizoea, kelele inayobadilika linaifuata.

Kwenye uharibifu nilihitaji uangalifu. Ningetupa vipande ovyoovyo kwa kila kodeki ningekuwa nadanganya, kwa sababu makosa ya redio huja kwa mafungu. Nimetumia mfano wa Gilbert na Elliott, wa hali mbili, nzuri na mbaya, unaohama kati yake kwa uwezekano fulani. Na hata huo hauzitendei haki teknolojia zote mbili sawasawa, kwa kuwa CDMA inarekebisha nguvu yake muda wote ili makosa yasifike kwa mafungu makubwa, na GSM inarukaruka masafa hadi mara 217 kwa sekunde kwa kusudi hilohilo.

Nikisoma maandishi ya leo na ya jana pamoja, naona mabishano ya zamani yalikuwa na pande mbili zinazozungumzia vitu viwili. Aliyesema GSM ina sauti nzuri alikuwa anasifu kodeki ya EFR akiwa amesimama karibu na mnara. Aliyesema CDMA haikatiki alikuwa anasifu redio akiwa safarini. Wote walisikia kweli.

Jumamosi. Hewani, 2G na 3G

Kazi ilisimama asubuhi kwa sababu ya mvumo kwenye rekodi za 2G. Nyaya zangu zilikuwa zinanasa mapigo ya simu yenyewe: fremu ya GSM ni milisekunde 4.615, simu inatuma mara moja katika kila fremu, na hiyo ni takriban mara 217 kwa sekunde, mvumo uleule unaosikika redio ikiwekwa karibu na simu inayoita. Nimeiweka simu mbali na rekoda, nikavisha waya pete ya feraiti, mvumo ukaisha. Kwenye 3G haupo, kwa kuwa WCDMA, redio ya 3G, inatuma mfululizo bila kupiga zamu.

Kwa kuwa simu haiandiki kokote kodeki inayotumia, naisoma kwenye picha ya masafa ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti. Nguvu ikikatika ghafla karibu na hezi 3400 ni bendi nyembamba, ikifika 7000 ni bendi pana, ikipita hapo ni EVS.

Nikiwa nimesimama, mawimbi mazuri, 2G na 3G zilikaribiana kiasi kwamba wasikilizaji walizichanganya. Inaeleweka: hali ya juu ya AMR, kilobiti 12.2, ni EFR ileile. Tofauti ilijitokeza nikitembea kutoka mnara hadi mnara. 2G inapohama inaiba vipande vya sauti ili ipitishe amri za kuhama, na kwenye rekodi kuna tundu dogo linaloweza kumeza silabi. 3G ilirithi kutoka CDMA ule ushikaji wa minara miwili, na nguvu yake inarekebishwa mara 1500 kwa sekunde. Sijasikia tundu.

Sentensi za ukanushi: kwenye rekodi kimya zote zilifika. Kelele ilipowekwa nyuma ya msemaji, h ya "hatutafika" ilififia 2G na 3G pia, na wapo wasikilizaji walioandika "tutafika". Huu ni upungufu wa bendi nyembamba pamoja na kuamka kwa kuchelewa, na jina la mtandao halikuuondoa.

Jumapili. VoLTE

Tofauti inasikika kabla ya sentensi kuisha. "Sumbua" na "fumbua" zimeachana. Pumzi ya msomaji inasikika. Picha ya masafa inafika hezi 7000.

Lakini niangalie biti. AMR-WB, kodeki ya bendi pana inayotumika hapa, kwa kawaida inaendeshwa kwa kilobiti 12.65, karibu sawa na 12.2 za EFR. Kwa biti karibu zilezile, masafa yameongezeka mara mbili. Na kodeki hii haikuzaliwa na 4G: Orange iliizindua Moldova Septemba 2009, juu ya mtandao wa 3G. Kwa hiyo mtu akiniambia 4G ndiyo iliyoleta sauti nzuri, nitamjibu kwamba 4G iliikuta sauti hiyo ikisubiri njia.

4G ilileta mambo mengine, na ni makubwa. Sauti sasa ni paketi kama data nyingine, na kila paketi inabeba anwani na vichwa vya baiti 40 au zaidi juu ya baiti takriban 32 za sauti. Bila dawa, vichwa vingeizidi sauti yenyewe. Mtandao unavibana hadi baiti chache tu, halafu unaipa sauti daraja lake la kipaumbele, lenye lengo la ucheleweshaji wa milisekunde 100 kati ya simu na lango la mtandao. Hesabu yetu ya zamu ilikwenda kwa kasi kuliko ya 2G na ya 3G.

EVS, iliyokamilishwa 2014, nimeipata kwenye baadhi ya simu tu. Ina hali ya kilobiti 13.2 ambayo paketi inaweza kubeba nakala ndogo ya sauti ya paketi mojawapo iliyotangulia, ili hiyo ikipotea, iliyo nyuma yake iifufue. Mezani niliitupia paketi nyingi kuliko nilivyozitupia nyingine zote na ikaendelea kusema. Katika kila nilichosikia tangu nianze, hii ndiyo kazi iliyonivutia zaidi.

Jumatatu. Kwenye mpaka wa mitandao miwili

Leo nimepima jambo moja tu: simu zilezile mbili, mahali palepale, zote zikionyesha 4G na VoLTE, lakini laini za kampuni mbili tofauti. Picha ya masafa inakatika hezi 3400. S na f zimerudi kufanana.

Kinachotokea ni kwamba kampuni mbili zinapokutana kwa njia ya zamani, sauti inafunguliwa, inageuzwa kuwa G.711, kodeki ya zamani ya bendi nyembamba, kilobiti 64 kwa sampuli 8000 kwa sekunde, inavushwa, kisha inabanwa upya upande wa pili. Masafa ya juu yanatupwa kwenye mpaka na hakuna kodeki inayoweza kuyarudisha. Juu ya hayo, sauti imebanwa mara mbili, na kila ubanaji unaongeza kasoro zake juu ya za mwenzake. Nilipoiga hali hiyo mezani, AMR-WB hadi G.711 hadi AMR-WB, alama zilishuka kuliko hata EFR moja isiyofunguliwa njiani.

Simu mbili za hali ya juu kabisa, zikiwa zimetenganishwa na mpaka huo, zinasikika vibaya kuliko ilivyoweza kusikika simu ya vitufe ya miaka ya 1990 ndani ya mtandao mmoja mzuri. Wanaonunua simu mpya ili wasikike vizuri wanastahili kuambiwa hili.

Jumatano. Wi-Fi na 5G

Wi-Fi: kodeki ileile ya VoLTE, ndani ya njia iliyofungwa kwa usimbaji hadi kwa kampuni ya simu. Intaneti ikiwa tulivu siwezi kuitofautisha na VoLTE. Nikianza kupakia faili kubwa kwenye intaneti hiyohiyo, paketi zinafika kwa kuyumba, simu inaongeza akiba ya kuzisubiri, na hesabu ya zamu inavurugika ingawa sauti yenyewe bado ni safi. ViSQOL haikuona kitu. Masikio mawili yanayozungumza yaliona.

5G: kila nilipopiga, simu ilishuka kwenye 4G kubeba sauti na kurudi 5G baada ya kukata. Nilichokipima hapo ni VoLTE.

Ijumaa. Mpango uliobadilishwa

Nilianza na jedwali lenye safu moja kwa kila teknolojia. Nimelifuta. Jedwali jipya lina safu nne: kodeki, idadi ya mara sauti inavyobanwa na kufunguliwa njiani, namna redio inavyoharibika, na ucheleweshaji. Jina la kizazi, 2G au 4G, limebaki kama maelezo ya pembeni, maana kodeki na mpaka vimebadilisha alama kuliko lilivyozibadilisha jina hilo.

Kazi zinazofuata: kurudia vipimo vyote vya safarini kwa VoLTE, hasa pale simu inaposhuka kutoka 4G hadi 3G katikati ya mazungumzo na bendi pana ikageuka nyembamba ghafla, kuongeza sentensi za ukanushi ziwe nyingi kuliko za jozi, kwa sauti ya mtoto pia, na kutafuta kampuni mbili ambazo zimeunganishana kwa IP, yaani kwa paketi kama za intaneti, moja kwa moja, ili nione kama kwenye mpaka wao "hatutafika" inavuka ikiwa na h yake.